Folda ya Mama

Katika mtaa wetu wa Eastlands, Nairobi, mtu akifariki asubuhi, kabla ya chakula cha mchana jamaa zake walikuwa wameshafika kwa mama yangu na karatasi mkononi. Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi za halmashauri tangu usichana wake hadi alipostaafu, na baada ya hapo akawa ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu kwa karibu kila familia iliyotoka mashambani kwetu Magharibi ikahamia zile nyumba za zamani za mawe. Hakuna aliyemteua. Walimletea maelezo yaliyoandikwa kwa haraka, majina yamepandana, mistari imekatwa na kurudishwa, naye alivaa miwani, akawaketisha, akaanza kuuliza. Marehemu alizaliwa wapi? Alibatizwa kanisa gani? Ameacha watoto wangapi? Hapo kwenye watoto ndipo wageni walipoanza kutazamana.

“Hapo turuke, mama,” mmoja wao angesema.

Mama aliruka. Aliandika kwamba marehemu ameacha watoto na wajukuu, bila idadi, akaendelea na utumishi wake kanisani. Alijua siri za mtaa mzima na sikuwahi kumsikia akimsimulia mtu hata moja. Wanawake wenzake walipokuja kumchokonoa, aliwauliza kama wanataka chai ya maziwa au ya rangi, na mwenye kuelewa alielewa.

Mimi kazi yangu ni kompyuta. Nasimamia mitambo ya kiwanda kimoja, na nyumba yangu iko Komarock, nusu saa kutoka kwa mama ikiwa barabara ina huruma siku hiyo. Mimi ndiye niliyemwondolea taipureta yake ya chuma nikamletea kompyuta. Alizoea upesi kuliko nilivyotarajia, ila hakuacha kugonga vitufe kwa nguvu zile zile za ofisini, na kibodi zake hazikumaliza mwaka. Nilimkaripia. Nilikuwa mwepesi sana wa kumkaripia mama kuhusu mashine, labda kwa sababu hilo ndilo jambo pekee nililomzidi. Aliniita Bwana Najua, na mara nyingi hakuwa anatania.

Jumapili moja baada ya ibada nilimkuta amejifungia chumbani, anagonga. Alipotoka alisema anaandika wa kwake.

“Wa kwako nini?”

“Wasifu. Na sio ule wa ukurasa mmoja. Maisha yangu, yote. Nimeandikia watu wengi, na kila mmoja kuna mahali nimemrukia. Wangu sitaruka kitu.”

Nilicheka, nikamwambia basi atoe kitabu kabisa. Yeye hakucheka. Alikuwa na maombi mawili. La kwanza, nisisome hata mstari mmoja mpaka atakaposema amemaliza. La pili, maandishi yale yawe kwangu pia, ili siku akiondoka ghafla mimi na dada yangu tusianze kupekua nyumba.

“Weka mahali unapopajua,” alisema. “Na uweke nakala.”

Kwa mama hilo la nakala halikuwa neno la hivi hivi. Ofisini kwao kila barua ilipigwa na karatasi ya kaboni chini yake, na barua isiyo na nakala ilirudishwa mezani ipigwe upya, hata kama mkubwa ameshatia sahihi. Miaka ile yote ilimkaa mwilini. Hata orodha ya sokoni aliiandika mara mbili, moja akaenda nayo, nyingine akaiacha juu ya friji, na hakuna aliyejua ya friji ni ya nini.

Nami nikampa somo. Ninalikumbuka vizuri, na ningetoa kitu kikubwa nisilikumbuke. Nilimwambia kwamba mambo ya nakala ni ya zamani. Kila nakala ya siri ni mahali pengine pa kuibiwa. Tena leo unarekebisha ukurasa wa tatu hapa, nakala iliyo kule inabaki na makosa ya jana, na kesho hujui ya kweli ni ipi. Njia nzuri, nilisema, ni maandishi yakae mahali pamoja, hapa kwako, halafu mimi nipachike folda yako kwenye laptopu yangu.

“Kupachika ndio nini?”

Nikaeleza. Folda haitoki kwako. Lakini mimi nikiwa Komarock naiona ndani ya laptopu yangu, imepangwa pamoja na folda zangu, kama ni yangu. Nikiifungua naona faili zako. Nikirekebisha kitu, kinarekebika huku huku.

“Kwa hivyo ni dirisha,” alisema. “Unachungulia jikoni kwangu.”

“Ni zaidi ya dirisha. Naweza kuingiza mkono nikakoroga sufuria.”

“Na hii yangu ikiharibika?”

“Haiharibiki, mama. Nimeitia diski mpya.”

Alinitazama juu ya miwani mpaka nikaona aibu, nikamwahidi kwamba pamoja na hayo nitapanga nakala itakayojitengeneza yenyewe kila wiki. Nilikusudia kweli. Nikarudi nyumbani nikapanga kila kitu isipokuwa hiyo.

Niseme pia kwamba kazi niliyoifanya niliifanya kwa makini. Intaneti ya mtaa ule huletwa na waya zinazovutwa juu ya mapaa, nyumba hadi nyumba, na hujui nani ameketi upande wa pili. Sikukubali maneno ya mama yapite humo wazi wazi. Nilitengeneza njia ambayo kila kinachopita kinafumbwa kwanza, mtu akikidaka katikati anaona takataka tupu. Nikaunda funguo mbili zinazojuana. Mmoja niliuweka kwenye kompyuta ya mama. Wa pili, wa siri, haukutoka kwenye laptopu yangu, na wenyewe niliufungia kwa nenosiri refu kama sala. Kompyuta yake nikaiagiza ikatae kila anayebisha isipokuwa mwenye ufunguo ule. Intaneti ikikatika, programu ilijaribu tena na tena yenyewe mpaka folda irudi. Niliilinda folda ile dhidi ya kila mwizi niliyeweza kumfikiria, na wote niliowafikiria walikuwa watu wengine.

Ndani yake mama aliweka vitu vyake vyote: wasifu za watu, picha, barua za kanisa, na folda ndogo aliyoiita YANGU, kwa herufi kubwa, kama alivyozoea kuandika vichwa vya barua. Mara nyingi alinipigia simu kwamba kuna ukurasa umempotea au maandishi yameruka pembeni, nami nikiwa kazini nilifungua faili hiyo kutoka kwangu, nikairekebisha, naye akaiona imenyooka mbele ya macho yake. Hapo alifurahi kama mtoto. YANGU sikuigusa. Nikipita karibu nayo nilitazama pembeni, kama mtu anayepita mlango wa bafu.

Ilipita miaka miwili hivi. Folda ilikuwa pale pale kwenye laptopu yangu kila nilipoiwasha, asubuhi na jioni, na taratibu nikaacha kukumbuka kwamba haikuwa pale. Watu wa kazi yangu wataniuliza inawezekanaje. Hili ni jambo ninalowafundisha wanaoanza kazi wiki ya kwanza: kilichopachikwa hakijahamishwa. Nimelisema mara nyingi kwa sauti ya mtu anayeudhika. Kitu ukikiona kila siku nyumbani kwako, unakihesabu ni cha nyumbani.

Mama alianguka jikoni asubuhi ya siku ya kazi. Presha. Majirani walimwita binamu yangu, aliyekuwa njiani kumletea unga, naye ndiye aliyembeba na kumpeleka hospitali kabla mimi sijapata hata ruhusa ya kutoka kiwandani. Alikaa siku nne bila kusema. Siku ya tatu alifumbua macho, akanitazama, na vidole vya mkono wake wa kulia vikawa vinagonga gonga shuka. Nilivishika nikavituliza. Nilidhani anapata shida, na mpaka leo sijui kama nilipaswa kuviacha.

Alifariki siku ya nne, tukampeleka kumzika nyumbani Magharibi. Wasifu wake niliuandika mimi, nimekaa chini ya turubai, laptopu juu ya magoti, natumia intaneti ya simu. Kompyuta yake ilikuwa bado inawaka kule Nairobi, kwa sababu nilimwomba jirani asiizime. Nikafungua folda, zote zikaja: picha ya mama na marehemu baba siku ya harusi, baba amevaa sare ya reli, barua ya pongezi ya kustaafu. Dada yangu aliketi kando yangu akaiona YANGU.

“Fungua basi,” alisema. “Si ameandika mwenyewe? Tusome ya kwake.”

Nikamkatalia. Nilisema mama hakutuambia amemaliza. Nilisema hayo si maandishi ya kudokoa dokoa kwa haraka eti watu wanasubiri programu ya mazishi. Nitayasoma nikiwa nimetulia, nitampigia simu tusome pamoja. Nilidhani ninamheshimu mama. Basi nikaandika ninayoyajua, ukurasa mmoja, nikasimama kando ya jeneza nikasoma kwamba alijaliwa watoto wawili, kifungua mimba akiwa mimi ninayesema nanyi. Watu wakaitikia amina.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi, wazee huketi na familia uani. Vitu vya marehemu vinatajwa kimoja kimoja mbele ya watu na kila kimoja kinapewa mtu. Ni wakati wa kusema. Ukinyamaza umekubali, na ukisema umesema. Huwezi kurudi wiki ya pili na kudai kitu bila kuwaaibisha wazee na aliyepewa. Walianza na nguo, zikaenda kwa dada zake. Vyombo, viti, kabati. Halafu baba mkubwa akafika kwenye vitu vya Nairobi, vilivyoandikwa kwenye orodha kwa sababu nyumba ya halmashauri ilitakiwa irudishwe.

“Kompyuta ya marehemu,” alisema. “Kijana wetu huyu mwenye kinyozi, lile duka la kunyoa la Lucky Summer, ameiomba. Ndiye aliyembeba mama yenu kwenda hospitali. Mwenye neno aseme.”

Dada yangu aliniegemea. “Na maandishi ya mama?”

“Yako kwangu.”

“Una uhakika?”

“Unanifundisha kazi?”

Nilimjibu hivyo, kwa ukali, siku ya tatu baada ya kumzika mama yetu. Kisha nikasimama nikasema ili wote wasikie: “Apewe. Vilivyomo viko kwangu.” Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, mama mdogo akapiga makofi kidogo, na mimi nikaketi nikijiona mtu mwema.

Wiki iliyofuata binamu aliichukua. Nilikuwa kiwandani aliponipigia.

“Niaje brathe. Hii mashine ya mathe inaniitisha paswadi.”

“Usihangaike na paswadi,” nilimwambia. “Futa kila kitu, uanze upya. Itakuwa nyepesi.”

“Kila kitu? Sure?”

“Kila kitu. Mimi niko na vyake vyote.”

Hakujua kufuta. Kwa hiyo nikamwelekeza, hatua kwa hatua, simu nimeibana begani, huku namsainia mtu karatasi ya vipuri. Ilichukua kama robo saa. Mwishoni mashine ilimuuliza kama ana hakika, kwamba yaliyomo hayatarudi, naye akanisomea maneno yale neno kwa neno. Nikamwambia bonyeza ndiyo.

Nilijiwekea Jumapili ya kusoma. Nilitaka niifanye vizuri. Nilitoka kanisani, nikapika chai ya maziwa ya kujaza chupa, nikazima simu, nikafunga mlango wa barazani. Nililia kidogo hata kabla sijaifungua laptopu, kilio kizuri, cha mtu anayejua anakwenda kusikia sauti ya mama yake. Kisha nikabonyeza folda.

Ilikuwa tupu. Nilisema, ah, ni intaneti, kwa sababu kwa muda mfupi huwa hivyo njia ikikatika. Nikanywa chai. Nikabonyeza tena. Halafu nikajiuliza njia imekatika kutoka wapi kwenda wapi, na mwisho wa swali hilo nikakuta kompyuta niliyoamuru ifutwe.

Sikusimama upesi. Nilikaa nimeishika ile chupa ya chai. Niliona kila kitu kwa mpangilio: diski ya mama, kinyozi, sauti ya binamu ikinisomea onyo. Sijawahi kupigwa tangu niwe mtu mzima, lakini nadhani ndivyo unavyosikia baada ya pigo, unakuwa na wakati mwingi sana wa kufikiri.

Lucky Summer nilifika kinyozi kimejaa, Jumapili wanaume wananyolewa kwa ajili ya wiki. Kompyuta ya mama ilikuwa juu ya rafu kando ya kioo, imewashwa, inapiga muziki, na kwenye skrini yake zinapita picha za mitindo ya nywele. Binamu alikuwa na mashine ya kunyolea mkononi na kichwa cha mtu amekinyoa nusu. Nilimwambia aizime kompyuta. Nilimwambia kwa namna ambayo mteja aliinuka na taulo lake shingoni akasogea mlangoni.

“Kwani nimefanya nini?” aliniuliza.

“Umefuta maandishi ya mama!”

Aliweka mashine chini polepole. “Si ni wewe uliniambia nifute? Nilikuuliza kama uko sure. Nilikuuliza mara mbili.”

Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki, mbele ya wateja wake, yeye aliyembeba mama yangu mikononi wakati mimi nasubiri ruhusa. Alichomoa nyaya, akafuta vumbi la nywele juu ya kompyuta kwa mkono wa shati, akanibebea mpaka garini. Nimeshamwomba msamaha, naye amenisamehe, lakini bado nikienda kwake hunyoa bila kuongea.

Niliipeleka kwa fundi mwenzangu wa Eastleigh, mtu anayefufua data kwa watu waliokata tamaa. Alinihurumia kabla hata ya kuanza, kwa sababu alijua nilichojua. Diski zile mpya, nilizozisifia kwa mama, zikiambiwa zifute zinafuta kweli. Hazibaki na vivuli vya zamani vya kukusanya kama zile za kizamani. Na juu ya hapo binamu alishajaza miziki na filamu. Siku tatu baadaye alinipa alichopata: nusu ya wasifu wa mzee mmoja wa mtaa wetu, na picha ya keki. Nusu ile niliisoma yote, mara mbili, kwa sababu ilikuwa kazi ya mkono wa mama.

Dada yangu nilimwambia kwa simu. Nilingoja anikumbushe lile swali lake uani, na nilikuwa tayari kukubali kila kitu. Hakunikumbusha. Alisema “aki,” basi, kisha nikasikia analia mbali na simu, kama ameiweka juu ya meza. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenitukana.

Mwezi mzima sikuifungua laptopu nyumbani. Nilipoifungua ilikuwa ni kuondoa ile programu ya kupachika, maana iliendelea kuhangaika kila dakika kuitafuta kompyuta ambayo haipo, na mimi sikuvumilia kuona kitaa chake kwenye skrini kikiwaka na kuzima. Nilipokuwa naiondoa nikakuta daftari lake. Nilikuwa nimeiagiza, nilipoiunda, kwamba kila inapofanikiwa kuirudisha folda iandike orodha ya vilivyomo, nipate kuhakikisha hakuna kilichopungua: jina la faili, ukubwa wake, na siku ilipoguswa mwisho. Maandishi yenyewe hayamo. Ni orodha tu, kama ya mtu aliyehesabu masanduku bila kuyafungua.

Orodha ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ile ambayo kompyuta ilichomolewa. Niliteremka mpaka YANGU. Faili kumi na nne, zote kwa herufi kubwa, kwa mfuatano wa alivyozianza. KUZALIWA. SHULE YA MISHENI. KUJA NAIROBI. MTOTO WA KWANZA. OFISI. KUOLEWA.

Nilisimama hapo nikadhani ni mimi. Nikatabasamu hata, nikasema amenitaja mapema. Kisha nikaona baada ya KUOLEWA kuna faili yenye jina langu, na baada yake yenye jina la dada yangu.

Nikarudi juu. MTOTO WA KWANZA ilikuwa faili kubwa kuliko zote, kubwa kuliko yangu na ya dada tukijumlishwa. Nyingine nyingi hazikuguswa tangu mwaka uliotangulia. Hiyo aliigusa jioni ya mwisho, kesho yake ndiyo akaanguka jikoni.

Nilizunguka nyumba siku mbili na jambo hilo. Nilikumbuka nilivyosimama kando ya jeneza na karatasi yangu. Mtu pekee niliyedhani angejua alikuwa mama mdogo, mdogo wake wa kumfuata, anayeishi kule nyumbani. Nilimpigia Jumamosi mchana. Baada ya salamu, na habari za mvua, na habari za kuku, nilimwambia kwamba katika maandishi ya mama nimeona mahali ametaja mtoto wa kwanza, na sidhani kama ni mimi.

Nilimsikia akifunga mlango.

“Kwa hivyo umefika hapo,” alisema. Sauti yake ilikuwa laini, kama aliyetuliwa mzigo. “Afadhali. Nilikuwa najiuliza utafika lini.”

Aliniambia anayoyajua, na hayakuwa mengi. Alikuwa mvulana. Alizaliwa Nairobi, kabla mama hajaajiriwa, kabla hajamjua baba yetu. Aliishi miezi saba. Kule nyumbani hawakuambiwa mpaka mambo yamekwisha. Wanawake wawili wa kanisa ndio waliokwenda na mama kumzika, mahali fulani huko huko jijini, nao wameshafariki. Mama alirudi nyumbani amekonda, akakataa kuulizwa.

“Jina lake alikuwa nani?” niliuliza.

“Mimi hakuniambia. Hakuwahi kulitamka mbele yetu, hata siku moja. Mwaka jana nikamwambia, dada, sisi tumezeeka, niambie jina la yule mtoto na mahali ulipomlaza, nimtaje nikiomba. Akaniambia, usijali, nimeandika yote, jina lake na kaburi lilipo na namna ya kufika. Akasema iko kwa mwanangu, ameifungia vizuri, haiwezi kupotea. Na siku ile wazee wamekaa, niliposikia umesimama ukasema viko kwako, nilimshukuru Mungu.”

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa nimeanza, “Mama mdogo,” kilio kikanitoka.

“Usilie, baba,” alisema. “Ngoja. Ngoja nichukue kalamu.”

Nilimsikia akiburuta kiti, akifungua droo, akitafuta miwani na kujilaumu kwamba haioni. Kisha akarudi kwenye simu.

“Haya,” alisema. “Anza na jina. Taja polepole, mkono wangu siku hizi ni mzito.”